Kipepeo wa rangi ya chungwa kando ya ukuta wetu: je, ndiye yule anayesafiri hadi Meksiko?

MzaziKahawaWest

Salamu kwenu nyote. Nina swali ambalo limenishinda nyumbani. Binti yangu yuko Gredi ya 5 na amepewa kazi ya shule kuhusu mabadiliko ya mdudu kutoka yai hadi anapokomaa. Amemchagua kipepeo mmoja ambaye huonekana sana hapa kwetu baada ya mvua kuanza: mabawa yake ni ya rangi ya chungwa, yamezungushiwa weusi ukingoni, na karibu na ncha ya bawa la mbele kuna madoa meupe. Viwavi wake tumewapata kwenye kichaka kilichojiotea kando ya ukuta. Wana pete nyeusi, nyeupe na njano mwili mzima, na hawajifichi hata kidogo, jambo lililonishangaza kwa kuwa ndege hapa ni wengi na kuku wa jirani hushinda wakipekuapekua pale pale chini.

Tatizo lilianza tulipotafuta maelezo kwenye intaneti. Karibu kila tulichofungua kilimhusu kipepeo mfalme wa Amerika Kaskazini, ambaye husemwa kwamba hutoka Kanada hadi milima ya Meksiko, na picha zake zinafanana mno na huyu wetu. Sasa binti ameandika daftarini kwamba vipepeo wa ukutani kwetu nao wataondoka kwenda Meksiko. Je, ni kipepeo yule yule? Na habari hiyo ya safari ni kweli, au imetiwa chumvi? Mdudu ambaye wazazi wake walikufa kabla hajaruka, na ambaye mwenyewe hajawahi kufika huko, anaelekezwa na nani?

MwalimuMstaafu

Mzazi mwenzangu, msahihishe binti, lakini usimsahihishe sana. Huyo wa ukutani kwenu ni *Danaus chrysippus*, na yule wa Amerika ni *Danaus plexippus*. Ni wa jenasi moja, kwa hiyo ni ndugu wa karibu, ila si kipepeo mmoja, na yule wa Amerika hayupo Kenya. Kuna njia rahisi ya kuwatofautisha wangali viwavi, na mtoto ataipenda: mwambie ahesabu vile vipembe vyeusi vilaini vilivyosimama mgongoni. Kiwavi wa kwetu ana jozi 3, moja karibu na kichwa, moja katikati na moja nyuma. Kiwavi wa kipepeo mfalme ana jozi 2 tu, kwani ile ya katikati hana.

Maisha yao ya mwanzo yanafanana sana, kwa hiyo hata akiandika habari za mmoja hatakuwa amekosea habari za mwingine. Jike hutaga yai mojamoja, mara nyingi upande wa chini wa jani la mmea wenye utomvu mweupe. Kiwavi anapoanguliwa hula kwanza ganda la yai lake, kisha huanza jani. Hujivua ngozi mara kadhaa akikua, na baada ya wiki mbili hivi hutafuta mahali pa kuning'inia kichwa chini, hujivua kwa mara ya mwisho na kubaki pupa laini yenye nukta zinazong'aa kama dhahabu. Mwelekeze binti aitazame pupa siku inapokaribia kupasuka: ganda huwa angavu na rangi za mabawa huonekana waziwazi ndani. Kipepeo akitoka, mabawa huwa yamekunjamana na ni madogo, naye huyajaza majimaji ya mwili hadi yanyooke na kukauka. Asimguse wakati huo.

Sasa nije kwenye safari, maana hapo ndipo ndugu hawa wawili wanapoachana. Habari ni ya kweli, wala haijatiwa chumvi. Kipepeo mfalme anayezaliwa kiangazi huishi wiki chache tu, hujamiiana, hutaga na kufa. Lakini wale wanaotokea mwishoni mwa kiangazi, mchana unapofupika, usiku unapoingia baridi na mimea inapozeeka, huwa wa namna nyingine kabisa ingawa ni wa ukoo ule ule: viungo vyao vya uzazi havikomai, hujilimbikizia mafuta mwilini kutokana na nekta ya maua, na huweza kuishi hadi miezi 8 au zaidi. Hao ndio wanaoelekea kusini, wengine wakisafiri zaidi ya kilomita 4,000, ilhali uzito wa kila mmoja ni nusu gramu hivi. Hufika mwanzoni mwa Novemba katika milima ya Michoacán na Jimbo la Meksiko, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, na kutulia juu ya miti ya oyamel, ambayo ni ya jamii ya msonobari. Hushikamana kwa wingi hadi matawi huinama. Baridi ya pale huwafaa: ni kali kiasi cha kuwazuia wasimalize mafuta yao kwa kurukaruka, na msitu wenyewe huwakinga wasigande.

Machi ikifika hujamiiana na kuanza kurudi kaskazini, lakini hawafiki mbali. Hutaga kaskazini mwa Meksiko na Texas, kisha hufa. Watoto wao huendelea mbele, wajukuu huendelea zaidi, na anayerudi Meksiko mwaka huo huo mara nyingi ni kitukuu cha yule aliyeondoka. Kwa hiyo binti yako ana haki ya kuuliza ni nani anayewaelekeza, kwa sababu hakuna hata mmoja katika msafara aliyewahi kuiona njia.

Jibu moja ni jua. Kipepeo anayetaka kwenda kusini-magharibi hana budi kuliweka jua upande wake wa kushoto asubuhi na upande wa kulia alasiri, kwa maana hiyo ni lazima ajue ni saa ngapi. Mwaka 2009 maabara ya Steven Reppert huko Massachusetts ilionyesha kwamba saa inayotumika kwa kazi hiyo imo katika papasi zake, zile nyuzi mbili zilizochomoza kichwani. Vipepeo waliopakwa rangi nyeusi kwenye papasi, ili mwanga usipenye, waliruka wote kuelekea upande mmoja, lakini haukuwa upande wa kusini-magharibi. Wenzao waliopakwa rangi isiyozuia mwanga walishika njia yao kama kawaida. Mwaka 2014 ikaonekana pia kwamba wanaweza kutumia mwelekeo wa sumaku ya dunia, jambo lenye msaada siku za mawingu. Namna wanavyokipata kile kipande kidogo cha milima mwishoni mwa safari ni suala ambalo wataalamu wangali wanabishana.

Naongeza jambo moja kwa ajili yetu wa Nairobi. Dira ya namna hiyo ingetusumbua hapa, kwa kuwa jua la adhuhuri kwetu huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, na kati ya hapo hutusimamia utosini. Kule Kanada jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima.

Msafiri_SouthB

Mwalimu ameeleza vizuri. Mimi niliishi Ontario kwa muda kabla ya kurejea nyumbani, na naweza kusema kidogo kuhusu upande ule wa mwanzo wa safari. Kuna rasi iitwayo Point Pelee, inayoingia ndani ya Ziwa Erie, na mwezi Septemba vipepeo hukusanyika huko wakisubiri upepo unaofaa kabla ya kuvuka maji. Jioni hulala kwenye miti wakiwa wamefunga mabawa, na mtu asiyejua hupita chini yake akidhani ni majani makavu. Jua la asubuhi likiwapata hufungua mabawa wote, mti ukageuka rangi, kisha huanza kuondoka mmojammoja.

Nilichokipenda zaidi ni namna watu walivyoitambua njia yao, kwa kuwa haikuwa kazi ya wanasayansi peke yao. Mkanada Fred Urquhart, pamoja na mkewe Norah, alianza tangu miaka ya 1940 kutafuta namna ya kubandika vibandiko vidogo vyenye namba kwenye bawa la kipepeo, na baadaye maelfu ya watu wa kujitolea walimsaidia. Januari 1975, Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wakitafuta kwa niaba yake, walifika kwenye msitu wa Cerro Pelón wakawakuta mamilioni. Mwaka uliofuata Urquhart mwenyewe alifika milimani, tawi la mti likavunjika kwa uzito wa vipepeo, na kati ya walioanguka alimwona mmoja mwenye kibandiko. Kilikuwa kimebandikwa Agosti 1975 huko Chaska, Minnesota, na mwalimu pamoja na wanafunzi wake wawili. Mzazi, msomee binti kisa hicho.

Ila nitamke na hili: kusema kwamba vipepeo "waligunduliwa" mwaka 1975 ni sawa na kusema Krapf aligundua Mlima Kenya mwaka 1849. Wapurépecha na Wamazahua waishio kwenye milima ile walikuwa wakiwaona kila mwaka, na kwa kuwa hufika wakati wa kuwakumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba, wapo wanaoamini kwamba ni roho za wazee wao zinazorudi kuwatembelea.

Wamepungua mno, kwa bahati mbaya. Kwa kuwa hawawezi kuhesabiwa mmojammoja, hupimwa kwa eneo la msitu walilolifunika. Msimu wa 1996–97 walifunika hekta 18 hivi. Msimu wa 2013–14 ilikuwa hekta 0.67, na msimu wa 2023–24 hekta 0.9. Msimu wa 2024–25 walipanda hadi hekta 1.79, ambayo ni afueni, si kupona. Lawama kubwa huelekezwa kwenye dawa za kuua magugu katika mashamba ya mahindi na soya ya Marekani, ambako mmea wa viwavi ulikuwa ukijiotea kati ya mistari; ukataji wa miti huko Meksiko na ukame navyo vimechangia. Msitu wenyewe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Bustani_Langata

Mimi nitazungumzia kichaka chenu tu, maana hakuna aliyekigusa. Kama kina majani membamba marefu na matunda ya kijani yaliyojaa hewa, yenye vinywele laini juu, basi huenda ni *Gomphocarpus*, na huota sana kwenye viwanja vitupu hapa Nairobi. Tafadhalini msikivunje ovyo. Utomvu wake una sumu ya moyo, ukiingia jichoni huwasha vibaya, na ng'ombe au kondoo akikila kwa wingi anaweza kufa. Binti anawe mikono kila anapomaliza kuwatazama viwavi.

Hiyo ndiyo sababu hawajifichi. Kiwavi huila sumu, huihifadhi mwilini, na hubaki nayo hata akiwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na akiiona tena rangi hiyo humwacha. Lincoln Brower alilithibitisha hilo huko Marekani miaka ya 1960 kwa kuwalisha ndege vipepeo wafalme. Hata kuku wa jirani yenu, nadhani, walishafunzwa.

Na msipulizie dawa ukutani hapo. Wateja wangu wengi huniita kwa hofu wakiona viwavi, ilhali hawa hawagusi sukuma wiki wala waridi.

MzaziKahawaWest

Asanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Kichaka ni hicho hicho, matunda yake yana vinywele, na vipembe tumevihesabu: ni jozi 3. Nimebaki na maswali mawili. Kwanza, sumu hiyo inawezaje kumuua ng'ombe na isimdhuru kiwavi mdogo kiasi kile? Pili, binti amesononeka kidogo kusikia kwamba wetu si wasafiri. Anauliza kama hawa wa kwetu wana maajabu yoyote ya kwao, au ni ndugu maskini tu wa yule mfalme.

DuduMwema

Mwambie binti asisononeke hata kidogo, kwa sababu wataalamu wametoka mbali kuja Nairobi kumchunguza kipepeo huyo huyo wa ukutani kwao.

Nianze na sumu. Katika kila chembe ya mwili wa mnyama kuna pampu ndogo inayosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na bila hiyo moyo na neva havifanyi kazi. Sumu ya mmea huu huishika pampu hiyo na kuikwamisha. Kipepeo mfalme amebadilika katika sehemu chache sana za pampu hiyo, kiasi kwamba sumu haipati pa kushika. Mwaka 2019 watafiti walichukua mabadiliko 3 tu ya aina hiyo, wakayaingiza kwenye jeni za nzi wa matunda, na nzi hao wakaweza kuivumilia sumu karibu kama kipepeo mwenyewe. Hata hivyo kiwavi hana papara: akiwa kwenye jani kubwa hukata kwanza mshipa ulio kwenye shina la jani ili utomvu uvuje nje, ndipo aanze kula upande uliopungukiwa. Mkae naye kwa utulivu mtaliona tendo hilo. Jani hulegea na kuning'inia, na kiwavi yuko mwishoni mwake.

Sasa maajabu ya kwetu. *Danaus chrysippus* ana sura zaidi ya moja barani Afrika. Yupo mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, kama mliyemwona nyinyi, na yupo ambaye bawa la mbele ni la rangi ya chungwa tupu bila ncha nyeusi, anayepatikana zaidi maeneo makavu ya kaskazini na mashariki. Nairobi iko mahali ambapo sura hizi hukutana na kuchanganyika. Isitoshe, majike wengi wa hapa wamebeba bakteria aitwaye *Spiroplasma*, anayepita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai. Bakteria huyu huwaua wana wa kiume wangali ndani ya mayai. Kwa hiyo jike mwenye maambukizi hutaga mayai mengi, na wanaokua ni mabinti watupu, ambao nao hutaga mabinti watupu. Bakteria hana hasara, kwa kuwa dume hawezi kumpitisha kwa kizazi kinachofuata.

Mtu atauliza, ikiwa hivyo ndivyo, mbona hawajatoweka? Ni kwa sababu madume huendelea kuingia kutoka nje, hasa wale wa maeneo makavu wanaosogea na misimu ya mvua, na hao ndio wanaojamiiana na majike wa Nairobi. Zaidi ya hayo, katika ukoo wa majike hao kromosomu inayobeba jeni za rangi imeungana na kromosomu ya jinsia ya kike, ndiyo maana binti huirithi rangi kutoka kwa mama yake. Mimi naona hilo ni ajabu kubwa kuliko safari ya Meksiko, ingawa najua Mwalimu atanipinga.

Kuhusu kuhama, wapo wasafiri wa kwetu pia. Wale vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia mabawani, *Belenois aurota*, ambao miaka mingine hupita juu ya Nairobi kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja hata juu ya barabara zenye magari, ni wahamaji kweli. Na yuko *Vanessa cardui*, ambaye huvuka Sahara kati ya Afrika na Ulaya, kwa vizazi kadhaa, katika mzunguko unaozidi kilomita 12,000. Kwa urefu wa njia, huyo anampita mfalme.

MwalimuMstaafu

Sitakupinga, DuduMwema, isipokuwa katika jambo moja dogo: *Vanessa* hana mahali pamoja pa kukutania kama ile milima ya Michoacán, na mimi hilo la kurudi kwenye miti ile ile ndilo linaloninyima usingizi. Tuyaache hayo.

Mzazi, kuna kazi ambayo binti anaweza kuifanya na ikawa na uzito, kwa sababu inahusu hasa jambo lililosemwa hapo juu. Amtazame kila kipepeo anapotua kunywa nekta na ahesabu nukta nyeusi zilizo katikati ya bawa la nyuma, mbali na ule ukingo mweusi. Jike ana 3. Dume ana 4, na hiyo ya nne ni kubwa kidogo, imetuna, kwa kuwa ni kifuko cha harufu anayoitumia kumvutia jike. Malighafi ya harufu hiyo huipata kwa kukwangua mimea fulani iliyonyauka, ikiwemo ya jenasi moja na mitoo tunayoila, kwa hiyo akimwona kipepeo aking'ang'ania tawi kavu lisilo na ua, huenda ni dume yuko kazini.

Awe mwangalifu na jambo moja. Kuna kipepeo mwingine, *Hypolimnas misippus*, asiye na sumu, ambaye jike wake ameiga rangi za huyu ili ndege wamwogope. Bawa lake la nyuma halina hizo nukta 3 za katikati. Lina moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume wake haigi chochote, ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe, wala huwezi kudhani ni mume wa yule.

Achore jedwali lenye safu tatu, madume, majike na waigaji, na aendelee kulijaza mvua zikiwa nyingi na zikiwa zimekatika, aone kama idadi ya madume inabadilika.

MzaziKahawaWest

Jedwali limeshachorwa, na ameongeza safu ya nne kwa wale wanaoruka kabla hajamaliza kuhesabu.